Mita Moja

Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani, nyumba ya bati la kutu:
milango minne inatazama mtaro,
mita moja inatazama milango.
Mwenye nyumba yuko Muheza na machungwa yake;
umeme ni jambo letu, kodi ndiyo jambo lake.

Daftari nilishika mimi.
Sikuchaguliwa. Nilikuwa na kalamu sikioni
na futi ya kupimia shingoni,
wakasema: fundi, wewe unajua vipimo.

Basi nikapima.
Semhando kinyozi, elfu nne kwa wiki, ijapokuwa spika lake
siku ya mechi hutikisa pini zangu mezani.
Mhina wa fotokopi, elfu tano.
Mimi, cherehani na pasi, elfu tatu.
Mwanakombo elfu nane,
kwa sababu ya friji.

Friji la kulala, jeupe, mfuniko umefungwa kwa kamba ya katani,
likikoroma usiku na mchana kama mgeni aliyeshiba.
Ndani barafu za ukwaju, barafu za ubuyu,
na chupa zetu za maji,
kila moja na uzi wa rangi niliofunga mwenyewe
tusije tukanyweana.

Yuniti zilikata Alhamisi. Sijui kwa nini Alhamisi.
Mita inaanza: ti, ti, ti,
kijitaa chekundu kama jicho la aliyekosa usingizi,
nasi tunatoka barazani
kila mtu akimtazama mwenzake mfukoni.

"Friji hilo," akasema Mhina, "linakula kama watu wa msibani."
"Na mashine yako inakula nini, karanga?"
"Mimi nazima jioni."
"Nami nikizima, kesho niuze maji ya rangi?"
Semhando alicheka, kisha akaacha;
nusu kichwa cha mteja kilikuwa kinamngoja kitini.

Wakanigeukia. Soma daftari, fundi.
Nikasoma. Sauti yangu ilikuwa ya haki,
nilijipenda nilivyosoma:
Mwanakombo, wiki ya pili ya Machi,
pungufu elfu tatu na mia tano.
Sikusoma za Semhando, zilikuwa ukurasa wa nyuma.
Sikusoma pasi yangu,
ile iliyowaka kutwa siku ya sare za shule,
sketi mia na ishirini, marinda manane kila moja,
mpaka ubao ukanuka kuungua.
Hiyo haikuwa na mstari.
Mshika kalamu hajiandiki.

Mwanakombo hakujibu. Alifunga kamba yake fundo mbili.

Akahama Jumapili, kwa mkokoteni,
friji limelazwa ubavu, likidondosha maji
kutoka mlangoni kwetu hadi kona ya Barabara ya Kumi na Tano.
Chupa zetu tatu alizipanga kizingitini mwangu
na nyuzi zake shingoni, zikitoka jasho.

Tukachanga watatu, zile zile elfu kumi na mbili.
Mhina akabonyeza namba ishirini, akahesabu kwa vidole:
sasa, ndugu zangu, wiki mbili bila wasiwasi.
Jumatatu kimya. Jumanne kimya.
Jumatano nikashona pazia la watu hadi usiku.
Alhamisi saa nane mchana, pasi mkononi,
ti, ti, ti.

Tukatoka barazani.
Pale penye friji palibaki mstatili wa saruji safi
na kifuniko kimoja cha ndoo.
Hakuna aliyesema hesabu. Mtoto wa darasa la tatu angeisema.

Simu yangu ikatetemeka mfukoni:
umepokea shilingi elfu tatu na mia tano
kutoka kwa Mwanakombo.
Hakuna neno jingine.

Nilifungua daftari kumfuta, kalamu ikakauka,
au niliiacha ikauke.
Semhando akauliza kama kuna mtu ana maji ya baridi.
Nikampa chupa yangu, ya uzi wa kijani.
Alikunywa funda moja, akairudisha,
ya vuguvugu.